Mtamba wa Bibi Clotilda

Zizi la Bibi Clotilda kule Kishanda, Muleba, lilikuwa tupu. Mtamba wake mwekundu hakuwepo. Bibi mwenyewe alikuwa amelazwa Bukoba, kiharusi kimemnyima kauli.

Video iliyonakiliwa kutoka kamera ya ukutani pake ilimwonyesha Avit, mvuvi aliyehamia hapo kutoka visiwani, akimswaga mtamba kutoka uani. Avit akawekwa mahabusu.

"Alinipa mwenyewe," alisema.

"Akupe mtamba? Wewe ni nani kwake?" aliuliza Inspekta Edvina.

"Namtekea maji, afande."

Edvina hakumkaripia. Aliagiza aletewe uji, kisha akaenda Kishanda kuchukua kadi ya kamera.

Kwenye kadi, video ilikuwa ndefu zaidi. Bibi alimkaribisha Avit kahawa za kutafuna, heshima ya mgeni, akimchagulia zilizo nzuri. Kisha akamkabidhi kamba ya mtamba kwa mikono miwili.

Kituoni, Edvina alimwita Konstebo Joackim, mtunza vielelezo vya kidijitali na mjukuu wa Bibi Clotilda.

"Video mbili, Joackim. Ipi ya kweli?"

"Labda ya kadi imechezewa, afande. Siku hizi watu wanatengeneza chochote."

"Ndiyo maana tuna blokcheni."

Siku video ilipopokelewa, mfumo uliandika alama yake ya kidijitali kwenye kumbukumbu inayotunzwa kwa pamoja na polisi, waendesha mashtaka na mahakama. Hakuna awezaye kuibadilisha peke yake. Ukikata video hata kidogo, alama haifanani tena.

Edvina alilinganisha. Ya kadi ilikubali. Ya kituoni ilikataa.

"Mwizi gani hukaribishwa kahawa, Joackim?"

Joackim aliketi bila kuambiwa.

"Niliikata mimi. Nilidhani hakuna atakayehangaika kulinganisha, kwa ajili ya mteka maji."

"Ulitaka mtamba?"

"Hapana, waitu!" Kihaya kilimtoka. "Bibi ndiye aliyenilea. Mimi nafika Krismasi hadi Krismasi, huyu yupo kila asubuhi. Kwenye video nilimsikia Bibi akimwita 'mwanangu'. Hivyo huniita mimi, afande. Mimi."

Akalia. Edvina alimpa leso, akasubiri amalize, kisha akamvua mkanda wa kazi.

Walipishana mlangoni pa mahabusu, Avit akitoka, Joackim akiingia. Avit alikuwa ameshaelezwa yote.

"Naenda kumwona Bibi," alisema. "Nimwambieje?"

Joackim hakuinua uso. "Mwambie unachotaka."

"Basi nitamwambia umenituma nimsalimie."