Dole la Mkwe kwenye Karatasi ya Yunusi

Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953. Asubuhi ile hapa Chiola manyunyu yalianza kabla ya sala ya alfajiri, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya ufuta. Nyumbani kwa Yunusi moshi ulipanda taratibu kutoka jikoni. Mkewe Zaina, mjamzito, alikuwa akikoroga uji wa mtama. Yunusi alikuwa akiikunja kanzu yake safi ndani ya mfuko ili isilowe njiani. Siku hiyo alikuwa anakwenda bomani Nachingwea kutia sahihi karatasi za kuwa raia wa nchi hii.

Ndugu zangu, Yunusi mnamjua. Ni Mmakua aliyevuka Ruvuma akiwa kijana, akaja kung'oa visiki kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu. Kazi ya karanga ilipokwisha, kibali chake cha kukaa nchini nacho kikaisha. Lakini alikuwa amekwisha kumwoa binti yetu, amepanda mikorosho, na anasali safu moja na sisi. Bila cheti cha uraia angerudishwa upande wa Mreno, ng'ambo ya Ruvuma. Hilo tulilijua wote.

Sisi tuliosoma naye darasa la jioni tulijua na jambo jingine: Yunusi anaandika. Tulianza pamoja, watu wazima wenye ndevu, tukitamka silabi kama watoto. Jina lake analiandika vizuri kuliko mimi ninavyoandika langu.

Sasa, kwetu sisi mgeni husemewa na mwenyeji wake, na akioa husemewa na mjomba wa mkewe. Hatangulizi neno wala mkono mbele ya mkwe. Desturi hiyo ina kheri yake kwenye posa na misiba. Lakini Mzee Saburi, mjomba wa Zaina, aliichukua mpaka bomani. Aliitwa awe shahidi. Yeye alikwenda kama mwenye mtu. Yaliyotokea huko alinieleza Yunusi mwenyewe, na mzee hajayakana.

Karani aliweka karatasi mezani. "Mwombaji aandike jina lake hapa," alisema. "Kama hajui kuandika, atie dole gumba lake."

Yunusi akanyoosha mkono achukue kalamu. Mzee Saburi akakohoa.

"Mkwe, unataka kunipita mlangoni?"

"Hapana, mzee. Naandika jina langu tu."

"Jina lako nani analijua huku? Wanalijua la Saburi. Nani alikupa mke? Nani alikuonyesha shamba?" Akamgeukia karani akicheka. "Huyu Mmakua tulimwokota pamoja na visiki. Leo anataka kukunyang'anya kazi yako."

Karani naye akacheka. Yunusi akaurudisha mkono wake, mkono unaojua kuandika, akauficha chini ya kanzu. Mzee Saburi akachovya dole lake kwenye wino, akaligandamiza mahali pa mwombaji. Karani aliona. Alijua wazi ni dole la nani lililotakiwa pale. Lakini chai yake ilikuwa inapoa, basi akazikusanya karatasi akazipeleka mbele.

Kisha Mzee Saburi akaenda sokoni Ruangwa kuuza ufuta, na kila aliyemsalimia alimwambia, "Nimezaa raia kwa dole moja."

Mvua zilipokatika, Bwana Shauri, Mzungu anayeamua mambo ya boma, alimwita Yunusi aje ale kiapo. Kabla ya kiapo alimpa kalamu na karatasi tupu. Yunusi akaandika jina lake, herufi zimenyooka. Bwana Shauri akaitazama sahihi, akalitazama dole.

"Kumbe unaandika. Basi dole hili la nani?"

"La mkwe wangu, bwana. Alinisemea."

"Hapa hakuna kusemewa. Karatasi hii inasema wewe ndiye uliyetia dole, na hukutia. Huo ni uongo. Mwenye dole aje aape mbele yangu jinsi ilivyokuwa, nami nitakuruhusu kuandika karatasi mpya. Asipokuja, utaondoka nchini."

Habari ikafika Chiola siku ile ile. Na Mzee Saburi alijibu nini? "Mimi mkubwa wa ukoo, niende nikaitwe mwongo na Mzungu?" Akakaa kwake. Askari akamchukua Yunusi, akamvusha Ruvuma, na Zaina akajifungua mumewe hayupo. Aliyemwadhinia mtoto sikioni ni mimi, si baba yake.

Mzee Saburi alipokuja kumwona mtoto, Zaina hakumpa ampakate.

"Mjomba," alisema, "siku mtoto huyu atakapouliza baba yake yuko wapi, nitamwonyesha kidole chako."

 Katika wanawake waliokuwa ndani hakuna aliyemkemea Zaina.

FUNZO

Nimemwomba Mungu anipunguzie hasira kabla ya kuandika, na bado ninayo. Ipokeeni pamoja na funzo.

Karatasi ya serikali haimjui mkwe wala mjomba. Inamjua mtu mmoja tu, yule ambaye jina lake limeandikwa humo. Mahali pa mwombaji aandike mwombaji. Asiyejua kuandika atie dole lake, si la mwingine, kwanza asomewe mpaka aelewe. Shahidi ana mahali pake. Na nyinyi makarani, mmewekwa pale muwe macho ya wasiosoma; mkifumba, chai yenu ni haramu.

Nawe unayejua kuandika ukauficha mkono ili mkubwa asikasirike, hiyo si adabu. Tumefundishwa kwamba Siku ya Hesabu mikono yetu itasema yenyewe. Mbele ya Mungu mkono wa mtu hausemewi. Kwa nini tukubali usemewe mbele ya karani?

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, Mzee Saburi alisimama kabla watu hawajavaa viatu. Zaina alikuwa nje na mtoto mgongoni, naye alisikia kila neno.

"Nyinyi nyote ni mashahidi wangu," alisema mzee. "Neno la Zaina limenishinda. Jumatatu nakwenda bomani. Nitasema dole lile ni langu, na uongo ni wangu. Bwana Shauri akinifunga, anifunge. Akiniachia, nitakwenda mpaka Ruvuma nimlete Yunusi. Na siku atakapoitwa mezani kuandika jina lake, mimi nitakaa nje."