Mzigo Haujafika Wote

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda getini kupokea gauni lililorudishwa. Kazi ndogo tu, ya kunyoosha miguu. Laiti ningejua, ningeiacha miguu yangu ikae imekunjwa.

Niwaeleze kwanza, tusije tukapotezana. Mjukuu wangu anauza mitumba mtandaoni. Tunamwita Chiriku, maana tangu azaliwe hajawahi kufunga mdomo. Mama yake alipofariki aliniachia kelele zile zote, nami nikashukuru. Nyumba ya kikongwe isiyo na kelele ni kaburi lenye madirisha. Yeye hupiga picha, hutangaza, hujibizana na wateja. Mimi kazi yangu ni kunusa.

Msicheke. Nguo ikirudi, mteja huapa mbingu na ardhi kwamba hakuivaa, eti imembana tu. Mimi naipeleka puani, kwapa kwanza. Pua yangu haikusoma sana, kama mwenyewe, lakini haidanganyiki. Mke wa fundi saa aliwahi kurudisha blauzi "ambayo haijaguswa", ina jasho, moshi, na manukato ya mwanamume ambaye si fundi saa. Sitaji mengi. Mtaa mzima unajua.

Sasa, lile gauni. La kijani, vifungo mgongoni, mkanda wa kitambaa. Chiriku alilivaa mwenyewe ili alipige picha, na hapo ndipo tulipokosea. Muuza nguo yeyote atakwambia: picha ya nguo hukatwa kichwa. Mnunuzi anataka gauni, uso wako wa nini? Lakini siku hiyo mtoto alikuwa ametoka kusuka, amependeza, akaona kuuficha uso ule ni dhambi. Akaiweka picha nzima, utosini mpaka vidole vya miguu, anacheka meno yote nje.

Getini, mwenye pikipiki anayetuletea mizigo hakuzima hata injini.

"Bibi, pokea upesi."

"Unakimbizwa na nani, we? Au umeonekana kwa mke wa watu?"

Hakucheka. Na huyo hucheka hata akipata pancha.

"Ile nyumba ya mteja wenu haina paa, Bibi. Haina mlango. Huu mzigo nimepewa na mkono uliotoka dirishani." Akatazama alikotoka. "Nimechungulia... Nyuma ya mkono hapakuwa na mtu."

Akaondoka, vumbi likabaki linanitazama.

Ndani, nikafungua mzigo mezani. Nikanusa kwapa.

Hapakuwa na jasho. Hapakuwa na sabuni.

Udongo.

Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Na gauni lilikuwa na joto, kama limevuliwa dakika ile ile.

"Anasemaje huyo mteja wako?" nikauliza.

Chiriku akasoma kwenye simu. "Eti, 'Mzigo haujafika wote.' Tapeli huyu, Bibi! Mkanda si huu? Vifungo si hivi? Alitaka na kabati lake?"

"Mrudishie hela yake, yaishe."

Akaandika hivyo. Jibu likaja kabla hajaiweka simu chini.

*Sitaki hela. Nataka chote nilichokiona pichani.*

Chiriku akapandwa na mori. Akabonyeza simu, akarekodi ujumbe wa sauti, akammiminia yale ambayo mwenye adabu hayaandiki. Alipomaliza akanigeukia, kafungua kinywa anitambie.

Hakikutoka kitu.

Akajaribu tena. Midomo inacheza, mishipa ya shingo imesimama... kimya. Nilidhani ananifanyia mzaha, mpaka nilipoyaona macho yake.

Simu ikalia.

*Asante. Sauti nimeipokea. Bado vilivyobaki.*

Tukaifungua ile picha tuifute. Ikagoma. Chiriku akabonyeza, akabonyeza tena. Na pale pichani lile cheko halikuwepo tena. Mdomo ulikuwa umefumbwa, kama mtu aliyeambiwa asubiri.

Kisha mlangoni...

"Hodi."

Ile ilikuwa sauti ya Chiriku. Na Chiriku alikuwa kando yangu, kaning'ang'ania mkono, mdomo kaufunga.

"Hodi, Bibi. Nimefuata mzigo wangu."

Sikusema karibu. Harufu ya udongo ikapenya chini ya mlango, ikatambaa mpaka kwenye miguu yetu. Mjukuu wangu akaanza kupoa mkononi mwangu, kama chai iliyosahauliwa.

Mimi nikiogopa, mdomo hutangulia. "Mama," nikasema, "duka letu lina utaratibu. Anayerudisha mzigo anarudisha wote. Huwezi kuturudishia gauni ukabaki na sauti ya mtoto. Rudisha kwanza, ndipo tuzungumze habari ya kubadilishiwa."

Kitu kikakwaruza mbao. Taratibu... kama ukucha unaofikiri.

"Kubadilishiwa na nini?"

Nilimtazama yule mtoto. Machozi yanamtoka bila hata kwikwi. Sikuwa na la kuchagua. Nikalichukua gauni, nikalivaa juu ya nguo zangu. Likanibana kiuno, bado lina joto la mwili nisioujua. Nikasimama penye mwanga uliobaki dirishani, nikamwashiria apige picha. Nzima. Utosi mpaka vidole.

Akatikisa kichwa.

Nikamkanya kwa jicho lile ambalo mama yake pia alikuwa akiliogopa. Akapiga. Akaiweka mahali pa picha yake, na safari hii simu haikugoma.

Nje, pumzi ndefu ikavutwa.

"Hii imetumika sana," ikanong'ona.

"Sasa mama, sisi tunauza mitumba. Ulidhani nini?"

Kikaanza kicheko. Kilianzia nje ya mlango, kikavuka kizingiti, kikapita kifuani mwangu kama upepo wa baridi, kikaishia kinywani mwa Chiriku, pale pembeni yangu. Akajishika koo.

"Bibi!" akalia. "Bibi yangu!"

Tulipofungua mlango hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na donge la udongo, bichi, lina alama ya vidole. Gauni tulilifunga ndani ya mfuko kwa mafundo mawili. Asubuhi mafundo yalikuwepo. Gauni halikuwepo.

Nimeuliza habari za ile nyumba isiyo na paa. Umbea ndiyo shule niliyofaulu, lakini hapo nimefeli. Mmoja ananiambia humo alikaa mshonaji aliyekufa kabla ya kumaliza gauni lake mwenyewe. Mwingine anasema pale hapajawahi kujengwa nyumba. Mwenye pikipiki amehama njia, na nikimpigia hapokei.

Picha yangu bado ipo kwenye duka letu la mtandaoni. Chini yake pameandikwa *Imeuzwa*. Chiriku anaapa si yeye aliyeandika, na huyo mtoto uongo haumkai.

Ila kuna jambo sijamwambia. Siku ya kwanza nilionekana mzima. Baadaye vidole vya miguu vikawa havimo, kama picha imepunguzwa chini kidogo. Kisha nyayo. Leo picha inaishia magotini. Naandika haya nikiwa kitandani, blanketi limenifika kiunoni, na tangu asubuhi sijathubutu kulifunua.

Jikoni Chiriku anaimba mpaka sufuria zinaitikia.

Kumbe mteja wangu anachukua mzigo wake kuanzia chini. Haya. Mdomo bado uko mbali.