Mashine Iliyokataa Maji

Mvua ya Machi 1992 ilipolivamia gulio la Nkwenda, wauza maharage walikimbilia kushoto, wauza mitumba wakakimbilia kulia, na Anonciata akajikuta kwenye baraza la fundi Shaaban, amekumbatia miche sita ya sabuni kama mtoto mchanga. Gauni lake la njano lilikuwa limelowa hadi magotini, na kilemba chekundu kilikuwa kimemtelemkia kwenye nyusi. Shaaban, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka Pangani, alikuwa amezungukwa na redio zilizofunuliwa matumbo. Aliinua kichwa kutoka kwenye nyaya zake, akasahau alikuwa anaunganisha nini.

"Dada, sabuni yote hiyo unamfulia nani?"

"Hospitali nzima ya misheni. Na wewe ukilazwa nitakufulia shuka."

"Basi naanza kuumwa leo."

"Umwa taratibu, kuna foleni," akamjibu, na mvua ilipokatika hakuna kati yao aliyeiona.

Tangu hapo kila siku ya gulio Anonciata alikosa sabuni, hata kama stoo ya hospitali ilikuwa imejaa. Yeye alimwita "fundi wangu", Shaaban akamwita "Ano". Alikuwa akivishika viganja vyake vilivyochubuliwa na kufua, anamwambia hiyo ndiyo mikono isiyojua kudanganya. Maneno mazuri hayo. Ubaya wa maneno mazuri ni kwamba siku moja mtu huja kuyadai.

Mwezi wa Juni wafadhili waliiletea hospitali mashine ya kufulia. Madobi walikuwa watano, na wanne wakaanza kunong'ona kwamba lile dude limekuja kula ugali wao. Anonciata hakunong'ona. Alijifunza vitufe vyake vyote kwa siku mbili, akaifuta vumbi kila jioni. Mashine ikafanya kazi vizuri, mpaka asubuhi moja ikakataa maji. Ilinguruma kidogo, ikanyamaza, tumbo kavu. Wiki hiyo Anonciata alikuwa kwao Nyakatuntu, amelazwa chali na malaria.

Sista Deodatha, msimamizi wa hospitali, akamwita Shaaban. Fundi akaanza mwanzo, kama inavyotakiwa. Umeme wa jenereta upo. Mlango umefungwa sawasawa. Koki iko wazi. Akaufungua mpira wa maji nyuma ya mashine, akauelekeza kwenye ndoo, yakatoka matone. Kumbe mashine haina kosa, maji ndiyo hayafiki. Akalifuata bomba mpaka kwenye tanki lililokuwa kilimani, akapanda ngazi, akazamisha mkono. Mdomoni mwa bomba akachomoa kifungu cha nyasi kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, kigumu kwa tope.

Mafundi wana ugonjwa mmoja: wakipata jibu hutaka dunia nzima ilisikie. Saa nane mchana, misheni zote za upande ule zilipofungua simu ya upepo kupeana habari, Shaaban aliikamata na kuripoti kwa karakana ya Bukoba kwamba bomba lilizibwa na mtu, kwa makusudi. Kabla hajaachia kitufe, mmoja wa madobi akasema nyuma yake kwamba anayepanda tankini kila Jumatatu ni Anonciata. Shaaban alilisikia jina hilo, akainama kukusanya spana zake. Jioni hiyo Sista akaandika barua ya kumwachisha Anonciata kazi.

Habari iliitangulia barua. Katekista wa Nyakatuntu alikuwa ameisikiliza simu, na siku ya pili majirani walijua kwamba Anonciata, binti wa mzee Gaspari, amehujumu mali ya wagonjwa. Anonciata alikuwa bado anatetemeka na homa, na hakuna mtu aliyemwuliza swali hata moja.

Mashine ikafanya kazi siku tatu, ya nne ikakataa tena. Safari hii maji yaliruka kwa nguvu kwenye ndoo, lakini mashine ilibaki kavu. Shaaban akachukua koleo, akavuta chujio dogo linalokaa pale mpira unapoingia, lisilozidi kizibo cha soda. Lilikuwa limejaa udongo mwekundu. Akalisafisha. Baada ya siku mbili likajaa tena. Akajiuliza uchafu huo wote ulikuwa wapi miezi iliyopita.

Jibu alilikuta gulioni. Mama mmoja alikuwa anauza omuramba, juisi ya ndizi. Alishindilia kifungu cha nyasi, kimefungwa kwa kamba ya mgomba, mdomoni mwa kibuyu, akamimina juisi juu yake, ikashuka safi bila kapi. Shaaban akasimama na kikombe mkononi, akauliza nyasi hizo ni za nini.

"Mwanangu, umezaliwa wapi wewe?" mama akamwambia kwa huruma. "Ni za kuchujia."

Kwao Shaaban walikunywa chai. Alikuwa hajawahi kukamua ndizi tangu azaliwe.

Aliazima pikipiki, akafika Nyakatuntu ametapakaa vumbi. Gaspari aliitikia shikamoo yake bila kumsogezea kiti. Shaaban akaomba kuzungumza na Anonciata pembeni, mzee akakataa; alisema walipomchafua binti yake hawakwenda pembeni. Anonciata akatoka kwenye migomba na jembe begani, amejifunga kanga iliyopauka, amekonda.

"Ulikuwa unachuja maji," Shaaban alisema.

"Kila Jumatatu nilibadilisha nyasi. Wiki ile niliumwa, hakuna aliyebadilisha."

"Nisamehe, Ano. Sikujua ni kazi ya mikono yako."

"Na ulipojua?"

Shaaban akatazama chini. Angeweza kusingizia mengi, lakini alikuwa amechoka kuwa mwoga. "Nilipojua, niliona haya kulirudisha neno langu."

Anonciata aliliweka jembe chini polepole. Alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi.

"Basi utalirudisha. Si hapa kwenye migomba ya baba, hapa hakuna aliyeniita mhujumu. Lirudishe palepale ulipolitoa, saa nane, wote wakisikiliza. Kabla ya hapo usiniite Ano."

Kesho yake Shaaban alifika hospitali alfajiri. Alifunga pipa chini ya tanki ili tope litulie humo kwanza, akaacha mdomo mpana unaoweza kuwekwa nyasi na kubadilishwa bila ngazi. Saa nane kasoro akaingia Anonciata kwenye chumba cha simu, amevaa gauni la njano na kilemba chekundu. Sista Deodatha alikuwa na nakala ya ile barua mezani. Alisema ataichana akishasikia.

Shaaban akabonyeza kitufe.

"Vituo vyote, hapa ni fundi Shaaban wa Nkwenda. Nilisema bomba lilizibwa makusudi. Nilikosea. Anonciata binti Gaspari alikuwa anachuja maji, na bila yeye mashine ingekufa wiki ya kwanza. Fundi hakujua, dobi ndiye aliyejua." Akamgeukia Anonciata. "Na kama bado ananitaka, mimi nataka awe mke wangu. Ova."

Redio ikakoroma peke yake. Sista alichana barua vipande vinne huku akitazama dari. Anonciata akanyoosha mkono, akachukua kipaza sauti.

"Ujumbe umefika. Majibu yatatolewa nyumbani, mbele ya baba. Fundi wangu aje na wazee wake, na habari ya dini yake na yangu tutaizungumza hukohuko, bila kuogopana. Ova."

Redio ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya katekista, na nyuma yake mtu mzima akikohoa.

"Hapa Nyakatuntu. Mzee Gaspari yuko nami tangu saa sita. Anauliza, lini? Ova."