Sikio la Amira na Jua la Saa Sita

Kwanza Houda aliona nzi.

Alikuwa nzi mmoja tu, mdogo, wa kawaida. Alitua juu ya sikio la kushoto la mama yake mdogo, Amira. Amira akamfukuza kwa mkono wenye udongo. Nzi akaruka, akazunguka, akarudi palepale.

Ilikuwa saa sita mchana. Wawili hao walikuwa wanapalilia lengalenga, yaani mchicha, katika bustani yao, pembeni kabisa ya mtaa wa Gasenyi. Jua lilikuwa limesimama utosini. Bustani za majirani zilikuwa tupu. Majirani huja alfajiri, na ikifika saa nne wameshaondoka. Amira na Houda ndio waliokuja wakati wengine wako kivulini.

Nzi akatua mara ya tano. Houda akaacha kupalilia.

"Mbona umesimama?" Amira akauliza bila kuinua kichwa. "Majani yatajing'oa yenyewe?"

"Niko napumuzika, mama mudogo."

"Pumuzika huku mikono inafanya kazi."

Houda akainama tena. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Shule aliiachia darasa la tano, na tangu utoto maneno yake yalikuwa machache. Akiwa na jambo, lilimzunguka tumboni siku tatu kabla ya kufika mdomoni. Siku hiyo jambo lake lilikuwa lile sikio.

Amira alikuwa na miaka thelathini na nne, na alikuwa na ualbino. Maana yake, alizaliwa na ngozi isiyo na ile rangi inayowakinga watu wengine na jua. Nywele zake zilikuwa na rangi ya mabua makavu ya mahindi. Kila siku kabla ya kutoka alijipaka mafuta ya mawese usoni na mikononi, kama mama yake alivyomfundisha. Kisha alifunga kitambaa cha kitenge juu ya kichwa, kwa madaha, masikio yakiwa nje. Alipenda kupendeza, hata mbele ya lengalenga.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, watoto wa barabarani walipiga kelele: "Bonjour, muzungu!"

"Bonjour," Amira akajibu. "Ndege yangu imechelewa. Ndiyo maana nabeba jembe."

Watoto wakacheka. Houda hakucheka. Alikuwa anatembea nyuma, macho yake kwenye sikio.

Nyumbani akaliona vizuri. Juu ya sikio palikuwa na kidonda kidogo, kama punje ya haragwe. Kingo zake zilikuwa zimeinuka. Katikati palikuwa na gamba, na chini ya gamba palikuwa pabichi. Houda akakumbuka kwamba alikiona kidonda hicho mwezi wa Ramadhani, akadhani ni mkwaruzo. Ramadhani ilikuwa imepita miezi mitatu.

Akafunua chungu, akakifunika. Akatoka nje, akaingia. Akafunua chungu tena.

"We mutoto," Amira akasema, "umeingiwa na siafu?"

"Kile kidonda cha sikio..."

"Kitambaa kinasugua. Kitapona."

"Hakijapona tangu Ramadhani."

"Kitapona, nimesema. Lete sahani."

Kesho yake Houda alikwenda kwa Epiphanie. Mama huyu alikuwa na bustani iliyopakana na yao. Alikuwa muuguzi miaka ishirini, na sasa alikuwa amestaafu. Watu walimwita Mama Eddy, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Houda alifika mlangoni kwake, akageuka. Alifika mara ya pili, akageuka. Mara ya tatu mlango ulifunguka wenyewe.

"Mwanangu, unapima kiwanja?" Mama Eddy akauliza. "Ingia. Nani anaumwa?"

Houda akaangalia miguu yake. "Mama mudogo. Sikio. Miezi mitatu."

Mama Eddy akaacha kutabasamu. Akachukua miwani yake mezani.

Amira alipowaona wanaingia pamoja, alielewa mara moja.

"Kumbe bubu wangu anajua kusema," akasema.

"Anajua kusema penye maana," Mama Eddy akajibu. "Kaa hapa kwenye mwanga, Amira. Toa kitambaa."

Akaangalia sikio, muda mrefu. Akaangalia shingo, midomo, mikono. Mikononi palikuwa na madoa mengi ya kahawia, na ngozi ilikuwa ngumu na yenye magamba.

"Kinatoka damu?"

"Kidogo. Nikikigusa."

"Kinafunga, halafu kinafunguka tena?"

"Ego, ndiyo. Namna hiyo."

Mama Eddy akavua miwani. "Sitakudanganya. Kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, kwa mutu mwenye ngozi yako, si cha kungoja. Kinaweza kuwa kansa ya ngozi. Sijasema ni kansa. Nimesema daktari akione wiki hii."

Houda alikuwa anasokota ncha ya mtandio wake mpaka uzi ukachomoka.

"Lakini mi najikinga," Amira akasema. "Kila siku napaka mawese."

"Mawese ni ya maharagwe, mama. Yanalainisha ngozi, hilo kweli. Lakini jua linayapita kama maji yanavyopita kwenye chujio. Unang'aa vizuri, na ndani unaungua. Sasa niambie jambo moja. Kwa nini unalima saa sita? Jua ni kali kuanzia saa nne mpaka saa kumi. Unaingia bustanini wakati hata mijusi inakimbilia kivuli."

Amira akajibu kwa sauti ya chini.

"Unakumbuka ile miaka, Mama Eddy. Watu kama mi walikuwa wanawindwa. Wanakatwa. Kwa sababu ya uongo wa waganga, kwamba mifupa yetu inaleta mali. Ile njia ya kwenda bustanini, kwenye matete, alfajiri hakuna mutu. Mchana watu wako wengi. Mchana wananiona. Nilichagua mchana. Niliamua mi mwenyewe."

Houda akainamisha kichwa. Alijua kwamba hayo hayakuwa yote. Kulikuwa na kitu chake ndani ya uamuzi ule, na hakuwahi kukisema kwa mtu.

"Hofu yako ina sababu," Mama Eddy akasema. "Siwezi kukuambia usiogope. Lakini umemkimbia mutu anayeweza kuja, ukaingia mikononi mwa jua linalokuja kila siku. Njia iko na dawa. Sisi tuko wanawake watano. Tunapita mbele ya mlango wako saa kumi na moja na nusu, na majembe yetu, tunapiga domo mpaka bustanini. Mutu wa kuingia katikati yetu simuoni."

"Hamujawahi kuniita."

"Hukuwahi kutoka. Tulidhani unapenda kulala."

Amira akataka kucheka, akashindwa.

Siku ya Jumatano walikwenda hospitali, wote watatu. Walingoja kwenye benchi tangu asubuhi. Houda alisimama, akakaa, akasimama. Alisoma bango la ukutani mpaka akalijua kwa moyo. Daktari alimchoma Amira sindano ya ganzi, akakata kile kidonda pamoja na kipande kidogo cha sikio, akashona. Kipande kikapelekwa kupimwa. Majibu, alisema, yatatoka baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu. Houda hakuweza kukaa kitako. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Usiku aligeuka kitandani kama samaki kwenye kikaango. Mchana alikwenda kumwuliza Mama Eddy maswali, moja moja, kila mara akiwa amesimama mlangoni.

"Akivaa kofia?"

"Kofia ya ukingo mpana, unaozunguka kote, ufunike masikio na shingo. Ile kapelo ya vijana, yenye ukingo wa mbele peke yake, inalinda paji la uso tu. Masikio inayaachia jua."

Akaondoka. Baada ya saa moja akarudi.

"Na nguo?"

"Mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo. Ukikiinua juu ukaona mwanga mwingi unapita, jua pia litapita. Na sketi ifike miguuni."

Siku ya pili: "Kuna mafuta ya kweli? Ya jua?"

"Yako madukani. Krem ya jua. Angalia namba kwenye chupa, iwe thelathini au zaidi. Apake nusu saa kabla ya kutoka, apake nyingi, asisahau masikio na midomo. Baada ya masaa mawili apake tena, kwa sababu jasho linaiondoa. Kuna vyama vya watu wenye ualbino vinavyosaidia kuipata. Ikikosekana, usikate tamaa. Kofia, nguo na saa za kazi bado vinamulinda sana."

"Na siku za mawingu?"

"Mawingu hayazuii jua lote. Avae vilevile."

Houda akasita. "Na mi? Mi niko mweusi."

"Wewe Mungu alikushonea mwavuli ndani ya ngozi. Mwavuli mzuri, lakini si ukuta. Jua linachosha macho yako, linakausha midomo yako, linakuumiza kichwa. Vaa kofia na wewe. Halafu akivaa peke yake watamucheka. Mukivaa wawili, itakuwa mtindo."

Houda akaenda kwa fundi wa mtaani na kitenge chake cha sikukuu. Akamwomba ashone kofia mbili za ukingo mpana, zenye kamba ya kufunga kidevuni. Amira alipoipokea yake aliigeuza, akaijaribu mbele ya kioo, akaisogeza upande kidogo.

"Inafanana na sufuria," akasema. Lakini hakuivua.

Siku ya majibu daktari aliwaita ndani. Aliangalia karatasi, kisha akamwangalia Amira.

"Ilikuwa kansa ya ngozi. Ilikuwa inaanza. Kipande tulichokata kimeichukua yote, pembeni ni pasafi. Sasa utakuja kila miezi mitatu tukuangalie ngozi. Na nyumbani mutu akuangalie kila mwezi, mwili wote, hata nyuma ya masikio. Akiona doa jipya, au kidonda kisichofunga, musingoje."

"Na kama tungengoja?" Amira akauliza.

"Tungekuwa na mazungumuzo mengine, mama."

Amira akageuka kwa Houda. Akamshika mkono, akaubana sana.

Wiki iliyofuata, kabla jua halijatoka, sauti zilisikika barabarani. "Amira. Toka, mama. Tumechelewa kwa ajili yako." Walikuwa Mama Eddy na wenzake wanne.

Amira alitoka na kofia yake, blauzi ya mikono mirefu, na krem nyeupe puani. Wanawake wakamwangalia.

"Huyu ni nani, madamu wa mtaa wa Ngagara?" mmoja akauliza.

"Ni bosi wenu," Amira akasema. "Tembeeni."

Wakatembea. Njia kati ya matete ilikuwa na giza bado, na umande uliwalowesha miguu. Amira alikuwa katikati. Houda alikuwa pembeni yake. Kila jani lililotikisika lilimfanya ageuke. Wanawake walikuwa wanabishana kuhusu bei ya dagaa, na sauti zao zilijaza njia.

Saa tatu na nusu matuta yote yalikuwa yamepaliliwa na kumwagiliwa. Wakafunga lengalenga mafungu mafungu, wakarudi kabla jua halijapanda. Ikawa hivyo kila siku. Mwezi ukapita, miezi mitatu ikapita. Daktari akaangalia ngozi ya Amira, akasema ni safi. Magamba ya mikononi yakapungua. Hata lengalenga zikawa nzito zaidi, kwa sababu maji ya alfajiri hayakunywewa na jua kabla mizizi haijaonja.

Lakini Houda hakutulia. Jambo lake lilikuwa bado linazunguka tumboni. Kila Amira alipowaambia watu, "Huyu mutoto ndiye aliniokoa," Houda alitafuta kazi ya kufanya chumba kingine.

Asubuhi moja ilikuwa siku ya kumwangalia Amira ngozi. Walikaa wawili uani. Houda akamgeuza kichwa, akatazama nyuma ya masikio, shingo, mabega. Hapakuwa na kitu.

"Salama?" Amira akauliza.

"Salama."

"Basi mbona unapumua kama mutu aliyekimbia?"

Houda alikuwa nyuma yake, na Amira hakuweza kumwona uso. Pengine ndiyo maana maneno yakapata njia.

"Mama mudogo, kile kitu cha kulima mchana hukuamua peke yako. Mwaka ule nilipoacha shule, uliniambia twende alfajiri, we na mi. Nilisema nachelewa kuamuka, ndiyo ukachagua mchana. Nilikudanganya. Nilikuwa naamuka mbele yako, nalala macho wazi. Sikuogopa kwamba watakuja. Niliogopa kwamba wakija, mi nitakimbia, nikuache pale njiani peke yako."