Mshumaa Usishuke Kisimani

Asubuhi ile Nubar alikuwa akioka mkate kwenye tanuri la uani, kijijini kwao kwenye rasi ya Absheron, penye visima vingi vya mafuta. Hatua kumi kutoka hapo, mumewe Tarlan alisimama mdomoni mwa kisima kipya. Kisima cha zamani kilikuwa kimekauka, na miti yao ya tini ilikuwa inanyauka. Chini, mita kumi na moja, Ruhulla alikuwa akichimba. Huyo ni mdogo wake Tarlan.

Nubar ndiye aliyemlazimisha ajifunge kamba kifuani kabla ya kushuka.

"Shemeji, unanifunga kama kondoo wa Idi!" Ruhulla alimtania.

"Heri kondoo, yeye hana ubishi," Nubar alijibu.

Ndugu hawa walirithi kazi ya visima kwa baba yao. Aliwaachia na kanuni moja: ukiitilia shaka hewa ya kisimani, shusha mshumaa unaowaka ndani ya ndoo. Ukizimika, usiingie. Ukiendelea kuwaka, ingia. Kanuni hiyo imeokoa wengi, sikatai. Lakini si kwenye ardhi ya kwao.

"Kaka!" Ruhulla aliita. "Maji yanatokota, na ni ya baridi!"

"Yanatokotaje?"

"Yanatoa mapovu. Yananuka kama mafuta ya taa."

Kisha akaanza kucheka. Hakuna aliyesema la kuchekesha. Alicheka, akacheka, halafu akanyamaza.

"Ruhulla! We Ruhulla!"

Kimya. Tarlan alisimamisha mshumaa ndani ya ndoo, akatoa kiberiti mfukoni.

"Tupa hicho kiberiti!"

Ilikuwa sauti ya Bi Zivar, jirani yao. Kwa miaka thelathini alikuwa mpima gesi kwenye visima vya mafuta, na sasa amestaafu. Aliingia mbio, mikono imejaa unga.

"Ndugu yangu anakufa, mama! Nataka kupima hewa nishuke!"

"Hiyo ni gesi! Ukiwasha utamchoma angali hai, nasi pamoja naye. Nubar, funika tanuri! Ziba na tundu lake la chini! Halafu njooni kwenye kamba."

Walivuta. Kamba ilipanda kidogo, ikagoma. Ruhulla alikuwa amekwama ukutani. Tarlan akatia mguu mmoja kisimani. Bi Zivar akamkamata ukosi wa shati.

"Ukishuka wewe, tutakuwa na watu wawili wa kuvuta, na wavutaji ni wanawake wawili. Hesabu hiyo unaiweza? Vuta!"

Kamba ikanasuka, ikapanda. Ruhulla alitoka amelegea, uso umekuwa wa kijivu. Walimbeba hadi nje ya lango, kwenye upepo. Hakuwa akipumua. Bi Zivar alimpulizia pumzi mdomoni, mara nyingi, huku Nubar akipiga simu ya dharura. Mwishowe alikohoa. Nubar aliangua kilio mbele ya watu wote, wala hakuona haya.

Gari la wagonjwa lilipomchukua, Tarlan alijifuta uso. "Ni hewa chafu tu. Tukikiacha wazi mpaka alasiri itaisha. Nitamalizia mwenyewe."

"Lahaula! Unadhani ni moshi wa jikoni, utafungua dirisha uishe?" Bi Zivar alifoka. "Unajua inakotoka?"

"Baba alisema mafuta ni jasho la mawe."

"Mungu amrehemu baba yako. Sikiliza. Zamani sana, mamilioni ya miaka, bahari ilifunika hapa. Vijimea na vijidudu vidogo vilikuwa vikifa na kuzama kwenye tope. Huko chini hewa ni haba, kwa hiyo havikuoza vyote. Tope jingine likaja juu, na jingine tena, mpaka likawa na unene wa kilomita kadhaa. Lile la chini likageuka mwamba. Kule ndani kuna joto. Joto na uzito viliyapika mabaki yale polepole, yakawa mafuta. Palipozidi joto, yakawa gesi."

"Sasa imefikaje uani kwangu?"

"Ni nyepesi, inapanda kwenye nyufa. Ikikuta udongo mzito wa mfinyanzi, inanasa chini yake. Ninyi mmeutoboa. Gesi ikajaa kisimani na kuisukuma hewa nje. Mtu akikosa hewa hulewa, ndiyo maana alicheka. Na huko chini bado ipo, Tarlan. Haiishi alasiri, wala kesho."

Tarlan alikaa chini palepale mchangani.

Siku hiyohiyo wataalamu wa gesi walizungushia kisima uzio, kisha wakakiziba kwa saruji. Maji ya kumwagilia miti, akina Tarlan waliyavuta kwa bomba. Ruhulla alirudi baada ya siku nne.

"Nilikusikia ukiniita, kaka," alisema. "Lakini nilijiona nimestarehe tu. Sikuona sababu ya kuitika."

Tarlan alimshika mkono.

Vuli iliyofuata ndugu hao waliitwa kuchimba kisima kwa jirani mwingine. Tarlan alikataa kugusa sururu mpaka Bi Zivar alete kipimo cha gesi. Wenye nyumba wakamcheka, ati siku hizi anaogopa mashimo. Kipimo kilishushwa kwa kamba kila walipotaka kuingia. Walipofika mita ya sita, kikalia: gesi. Tarlan, Ruhulla na wasaidizi wao wawili waliacha kazi, wakanawa mikono, wakaenda kula chakula cha mchana, wote wazima.