Kufuli Kwenye Tangi la Mutuini

Sogeeni, jamaa zangu, niwaeleze yaliyotokea kwetu Mutuini mwaka wa 2006, maana nikinyamaza nitapasuka.

Ilikuwa Jumamosi tulivu. Umande ulikuwa bado kwenye majani ya ng'ombe, kuku wanachakura, na jirani yangu Mama Wangui ameketi mlangoni akimenya viazi. Nilisimama kumwamkia kabla ya kwenda saluni kwangu Kenyatta Market. Hata hajaitikia, lori likapiga honi langoni. Lilikuwa limebeba tangi kubwa jeusi la maji.

Tangi lile nililijua vizuri. Lilikuwa la mwana wa Mama Wangui, Mbuthia, mwenye kiwanda cha magodoro, anayekaa Spring Valley, mtaa wa matajiri wa Nairobi. Kila mwaka kampuni yake ilishinda Tuzo ya Ujirani Mwema, ile inayopewa mashirika yanayotunza mazingira na kuwajali watu. Kushinda kulikuwa rahisi. Waamuzi walikaa hotelini katikati ya jiji, wakatazama picha. Basi mwaka mmoja Mbuthia aliteremsha tangi kwa mama yake, akalifunga utepe, akatupanga sisi akina mama na mitungi yetu, tukapigwa picha tukicheka. Jioni tangi likarudi kwenye lori. Mwaka uliofuata lilipigwa picha Kawangware, na watu wengine wakicheka.

Lakini mwaka huo wa 2006 redio ilikuwa imetangaza mabadiliko, na saluni nzima haikuzungumza kingine! Picha hazitakubaliwa tena. Waamuzi watakuja wenyewe, siku wasiyoitaja, na majirani wataulizwa.

"Sasa hiyo tangi haiendi mahali," Peres, mpangaji wa Mama Wangui, aliniambia huku akisugua viganja. "Waamuzi wakikuja lazima waipate hapa. Tumeomoka, dada, shida ya maji imeisha."

Kweli, tangi likabaki. Gari la maji likaja, likalijaza mpaka juu. Tulikimbilia mitungi, watu wazima tunasukumana kama watoto. Ndipo Mbuthia akatoa kufuli mfukoni, akalifunga bomba.

"Mum, hii maji isiguswe mpaka waamuzi wafike," alisema. "Wakipata tangi tupu, nimekwisha."

"Na sisi tutakunywa nini?" mama yake akauliza.

"Si kwa mto kama kawaida? Ni siku kidogo tu."

Mama Wangui alikubali. Alimpenda mwanawe kupita kiasi. Alililinda tangi lile mwenyewe, akawafukuza hata watoto waliokuja kulipigapiga wasikie maji yakilia ndani.

Siku kidogo zikawa wiki, na mvua ikaanza. Njia ya mtoni ikawa utelezi mtupu. Asubuhi moja Mama Wangui alianguka huko na mtungi mgongoni. Peres alimkuta kwenye matope, hawezi kuinuka. Muuguzi wa kliniki alimtazama nyonga, akasema apelekwe hospitali kubwa upesi.

"Nimpigie Mbuthia?" nikamuuliza Mama Wangui.

"Usithubutu. Mwache amalize mambo ya tuzo. Akishashinda nitamwambia, na hospitali nitaenda wakati huo."

Nilikasirika, lakini mzee akikataa amekataa. Tukamkanda kwa maji moto, akalala kwenye godoro karibu na mlango, akiuma meno kila akijigeuza.

Siku iliyofuata wakaja wageni wawili, mwanamume mpole aliyeitwa Isaiah Were na mwanamke mwenzake. Walisema wamepita kusalimia. Mama Wangui alijiinua kwa kiwiko.

"Kaeni. Mgeni hatoki kwangu na koo kavu. Peres, shuka mtoni utuletee maji ya chai."

Were akatazama uani. "Na lile tangi, mama? Halina maji?"

"Limejaa. Lakini lile si la kunywa, mwanangu. Lile ni la waamuzi. Wakifika ndio litafunguliwa."

Peres alibaki na mtungi mkononi. Mimi nilitazama sakafu.

"Mama," Were akasema taratibu, "waamuzi ndio sisi."

Uso wa mama yule ulijaa furaha. "Basi mpigieni Mbuthia simu alete ufunguo. Amewangoja sana."

Mbuthia alifika mbio, ametoa tai, ufunguo mkononi na tabasamu lote limejaa usoni. Alimpa Were mkono kabla ya kumwona mama yake.

"Mum, mbona umelala?"

"Nilianguka mtoni."

"Mtoni? Na hukuniambia?"

"Ulisema ni siku kidogo. Sikutaka tuzo ikuponyoke kwa sababu yangu."

Jamaa zangu, sijawahi kuona mwanamume akilia vile. Alipiga magoti kando ya godoro. Were akamwambia kampuni yake imeondolewa kwenye tuzo, kisha akamwambia asimame ampeleke mama hospitali, mengine yatangoja. Mbuthia alimbeba mwenyewe hadi kwenye gari. Ufunguo aliuacha sakafuni, na Peres ndiye aliyefungua bomba.

Baadaye Mbuthia alivuta bomba la kudumu mpaka mtaani kwetu, bila utepe wala kamera, na hakushindania tena tuzo yoyote. Maji tunayo mpaka leo. Lakini nyonga ya Mama Wangui iliunga vibaya. Kila Jumapili, mbele ya kanisa zima, Mbuthia humtoa garini akambeba hadi kwenye benchi, na mama humwomba amshushe polepole kwa sababu bado panauma.

FUNZO

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenye kampuni, msaada unaongoja kutazamwa si msaada, na mara nyingi wa kwanza kuumia ni aliye karibu nawe kuliko wote. Nanyi akina mama, msimfichie mtoto maumivu yenu ili apate sifa. Nasi majirani, sasa waamuzi wanatuuliza sisi. Tukiulizwa, tuseme kweli, na tusingoje mtu aanguke ndipo tuseme.