Pete Iliyotapikwa Ipogolo

Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza. Nimekuonya.

"Mzee, mchukue mwanao. Pete niliyomvisha kanisani kamhonga mwanaume."

Aliyesema hayo ni Liberatus, mume wa ndoa, mbele ya baba mkwe wake. Mwaka 1956, Ipogolo, pale chini ya Iringa mjini.

Severina, mkewe, alisikia masikio yanavuma. Amehonga pete? Yeye ambaye hata sokoni anakwenda na mama mkwe?

"Niliivua ili nisiribe sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe," alisema. "Niliiweka dirishani. Nikaenda kunawa mikono, kurudi haipo."

"Uongo," Liberatus akajibu. Hata kumtazama hakumtazama.

Baba yake Severina, Mzee Didas, alikuwa ametembea tangu alfajiri kuja kusikia aibu hiyo. Alikaa, kofia mapajani. Binti anayerudishwa nyumbani kwa uzinzi, jamani, kwa nyakati zile asingepata hata wa kumsalimia njiani akitoka misa. Hicho ndicho kilichokuwa mezani siku ile.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu yale madude.

Liberatus aliwahi kumpikia Mzungu mmoja pale mjini. Yule Mzungu alipohama, alimwachia kasha la kioo, dogo tu, ukubwa wa debe, lina maji ya chumvi kutoka Dar es Salaam. Ndani yake, yamegandamana na jiwe, madude mawili.

Mzungu aliyaita anemoni. Liberatus aliyaita maua ya bahari. Severina aliyaita makamasi, na mimi niko upande wake.

Fikiria kitu laini, kinateleza, rangi ya ufizi, kimezungukwa na vidole vingi vinavyochezacheza. Katikati kuna tundu. Tundu hilo ndilo mdomo. Na choo ni hapohapo... Naam, umesoma sawasawa. Kinakula hapo, kesho yake kinasukuma uchafu kwa tundu lilelile, ute mzito wa kahawia unaning'inia kama kamasi la mtoto mwenye mafua.

Na kasha lilikaa sebuleni, kwenye ukuta unaopakana na jiko, ili baridi ya Iringa isiyaue. Ugali ukiiva, harufu ya kasha inakuja kukusalimu.

Nyumba nzima inakula maharage. Madude yanakula maini.

Liberatus aliyalisha mwenyewe, kwa kijiti cha mwanzi. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa. Alisema mkono wenye sabuni au mafuta utayaua. Kwani nani alitaka kutia mkono? Severina alikuwa akipita pale anaziba pua kwa khanga. Mama mkwe, Bibi Apolonia, yeye alitema mate kabisa.

Sasa turudi kwenye kikao.

"Mama, sema kitu," Liberatus alimgeukia mama yake. "Wewe mwenyewe umepekua nyumba nzima asubuhi hii."

"Nimepekua," Bibi Apolonia alisema. "Vyungu, vitanda, mpaka mifuko ya makoti yako. Sikuiona."

Huyu mama hakumpenda Severina. Tusidanganyane. Tangu harusi alikuwa anamwambia chumvi imezidi, chumvi imepungua. Severina alijua kwa mdomo wa mama huyu ndiyo basi, amekwisha. Alianza kulia bila sauti.

"Simama, twende," Mzee Didas alimwambia mwanawe.

Severina akasimama. Ili afike mlangoni ilimlazimu apite karibu na kasha. Kwa mazoea akaziba pua, akatupa jicho.

Dude kubwa lilikuwa limevimba vibaya. Tundu lake lilikuwa linafunguka taratibu, linabinuka nje kama mdomo wa mlevi. Ute ukaanza kutoka. Halafu kipande cha ini, cheupe, kimelegea.

Alitaka kukimbia nje.

Ndani ya lile ini kulikuwa na kitu kinang'aa.

"Baba," alisema. "Njoo uone."

Mzee Didas akaja. Bibi Apolonia akaja. Wote watatu wakainama juu ya ile harufu, wakaliangalia dude likisukuma, likisukuma, mpaka pete ikadondoka kwenye mchanga, imeviringishwa maini na ute.

Liberatus alikuwa amebaki kwenye kiti chake.

Bibi Apolonia ndiye aliyeanza.

"Leo hapa ndani nani kanunua maini?"

Liberatus akatazama mlango.

"Nani analisha hivi vitu?"

"Mama, labda ilidumbukia..."

"Ikajifunga maini njiani?"

Basi ikawa hivyo. Pete ilikuwa kwenye koti lake tangu aiibe dirishani. Alipomsikia mama yake anasema atapekua mpaka makoti, akaificha mahali ambapo kila mtu anaona kinyaa kutia mkono. Alijua dude hukaa na chakula mpaka kesho yake. Hakujua kwamba kisicholika halikai nacho.

"Ni yule mwanamke wa Mafinga unayetaka kumleta hapa, siyo?" mama yake aliuliza.

Liberatus aliinamisha kichwa.

"Nimekuzaa mimi," Bibi Apolonia alisema polepole, "na leo nakuonea kinyaa kuliko hayo makamasi. Huyu haondoki. Nyumba hii aliijenga marehemu baba yako, nami ndiye niliyemo. Ondoka wewe. Na uchafu wako beba."

Liberatus akachovya mkono, akaitoa pete, akaifuta kwenye suruali, akamnyooshea mkewe.

"Mke wangu, nisamehe. Vaa."

Severina aliitazama. Uzi wa ute ulikuwa bado unaning'inia.

"Mimi sivai kilichotapikwa," alisema. "Wala silali nacho."

Liberatus alionekana akipanda barabara na kasha kichwani, maji ya chumvi yanamchuruzikia shingoni. Severina na mama mkwe walisugua ule ukuta kwa majivu siku nzima, na jioni walikula ugali bila kuziba pua. Chumvi ilizidi kidogo. Mama mkwe hakusema kitu.

Na yule wa Mafinga? Alivishwa pete ileile. Aliivaa miaka, akawa anaibusu kila akienda kusali.

Hakuna aliyemwambia ilikotoka.

Dada yangu unayesoma hapa, mwanaume akikuvisha pete kwa haraka, inuse kwanza.